Bonde Walilosema Halina Mtu

Basi la Dar es Salaam lilipotoka Bagamoyo asubuhi ile ya mwaka sabini na tatu, niliketi nyuma ya mama mmoja mkulima wa Mapinga. Kijana mpimaji wa barabara mpya alimwamkia, akampisha kiti cha dirishani, nami nikamwombea kheri. Dua yangu haikufika mbali, maana yule mama aliona ramani mkononi mwa kijana.

"Kumbe ni wewe uliyepitisha barabara juu ya mpunga wetu?"

"Tulikagua kwanza, mama. Bondeni tulikuta nyasi tupu."

"Mlikuja Septemba, tumeshavuna! Mlitaka muone nini? Tuta lenu la barabara litaziba maji, na mwakani tutavuna vyura."

"Tuliwauliza wazee msikitini, baada ya sala ya Ijumaa. Walisema bonde halina mtu."

"Wanaume! Hao wanaujua wali, mpunga hawaujui. Mume wangu hajatia mguu bondeni tangu anioe. Sisi tunaolima mlishindwa nini kutuuliza?"

Marehemu mume wangu naye shamba hakulijua, Mungu amrehemu.

"Katapila linaanza kazi Jumatatu, mama," akasema polepole.

Basi likasimama Mapinga. Kijana alimshika mkono hadi chini, kisha akatoa penseli. "Bonde linaitwaje?"

"Halina jina, lina wenyewe. Andika! Tatu binti Mikidadi. Mize binti Rajabu. Ashatu binti Bwanausi..."

Kondakta alipiga bodi mara tatu, na wenyewe walikuwa bado hawajaisha.