Mzee Zefania na Mstari wa Mwisho wa Fiwi

Leo, Ijumaa tarehe 31 Oktoba 2025, Mzee Zefania Gwakisa anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha mbegu za malisho kwa miaka ishirini na saba. Kituo chenyewe kinafungwa mwezi ujao na shamba lake litawekwa lami. Wenzangu walinichagua niandike wasifu huu wa sherehe yetu hapa katika ukumbi wa kanisa, mjini Laurel, Marekani, wakisema bibi harusi wa wiki saba hawezi kuandika jambo la huzuni. Nimejaribu.

Mzee alizaliwa Rungwe, Tanzania, kwenye milima ya baridi ambako ng'ombe hufungwa bandani na kuletewa majani. Alikuja Maryland kusoma, akabaki. Kazi yake ilikuwa kupanda nyasi na mikunde pamoja: nyasi zishibishe ng'ombe, mikunde irudishe rotuba. Kipande chake cha nyuma ya ghala hakijawahi kuona mfuko hata mmoja wa mbolea, na udongo wake ni mweusi kama kahawa. Kila mgeni alilazimika kung'oa mche mmoja na kupasua kwa ukucha vile vinundu vya mizizini. Ndani vikiwa vyekundu, ishara kwamba vinarutubisha udongo, Mzee alicheka kama mtu aliyepata mjukuu.

Tutakumbuka siku alipopanda treni ya kwenda Baltimore na ndoo ya sileji, yaani majani ya ng'ombe yaliyovundikwa, yenye harufu kali. Kifuniko kikafunguka. Kufika kituo cha pili, behewa zima lilikuwa lake. Alitusimulia kwa fahari kwamba hajawahi kusafiri kwa nafasi vile.

Mimi ni Mkenya wa Kericho, na kwetu hatukuzoea shikamoo. Yeye alinifundisha. Nisipomwamkia asubuhi, alikuwa akiniuliza, "Jelagat, leo umelala na ng'ombe?"

Kazi yake kubwa ilikuwa fiwi, aina ya mikunde ambayo Wakenya wengi tunaiita njahi. Kwa misimu ishirini na miwili alichagua mimea iliyokomaa mapema, hadi akapata fiwi inayozaa kabla ya baridi kali. Aliwaahidi wafugaji wa Rungwe kilo mbili za mbegu kabla ya kustaafu. Ng'ombe wao wangepata malisho wakati wa baridi, na mashamba yao yaliyochoka yangepumzika.

Julai ya mwaka jana mtambo wa chumba cha baridi cha kuhifadhia mbegu ulikufa wikendi ya joto kali, na mbegu za fiwi karibu zote zikaharibika. Masika ya mwaka huu Mzee aliotesha zote zilizobaki. Ilitoka miche kumi na mmoja. Akaipanda mstari mmoja, akaweka kibao. Duniani kote hapakuwa na nyingine.

Kibao hicho nilikichapa mimi. Ndiyo kazi yangu kituoni, kuchapa lebo. Lakini asubuhi ya tarehe 13 Septemba sikusoma lebo yoyote. Nilikuwa naolewa na Kibet, mwanamume mpole kuliko wote niliowahi kuwajua, na nilitaka maua ya rangi ya zambarau. Nilipita shambani na mkasi. Nilikata mstari wote, nikiimba.

Kanisani Mzee aliyaangalia maua yangu muda mrefu, hadi msimamizi wangu wa harusi, Akinyi, akamtania: "Mzee, si uangalie bibi harusi?"

"Naangalia vyote viwili, mama." Kisha akanigeukia. "Yamekupendeza, mwanangu. Haya, twende tukacheze."

Alicheza hadi mwisho. Jumatatu nilimkuta amepiga magoti kwenye mstari, ndipo nikasoma kibao. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nikuambie umevaa shela? Yalishakatwa."

Visiki vilichipua tena. Oktoba vilitoa maua machache, halafu maganda machanga ya kijani, membamba kama kucha. Redio ilipotangaza barafu, mimi na Kibet tulileta mashuka yetu mapya ya harusi, tukafunika mstari pamoja na Mzee. Asubuhi mashuka yalikuwa magumu kama mbao, na chini yake kila kitu kilikuwa cheusi. Mzee alipasua maganda yote. Punje alizopata aliziweka kwenye karatasi yenye maji ili ziote, akazichungulia kila siku kwa siku kumi. Zikaoza.

Amewapigia simu Rungwe. Alisema tu kwamba mbegu hakuna. Hakutaja harusi ya mtu.

Jana alinikabidhi daftari lake la shamba nilipeleke kwenye hifadhi ya kumbukumbu. Nilifungua ukurasa wa fiwi. Kuna misimu ishirini na miwili, kila mmoja na mavuno yake kwa gramu. Kwenye msimu wa mwisho ameandika kwa mwandiko wake ulionyooka: "Ilikatwa ikiwa na maua. Mavuno: ndoa moja."

Sikulipeleka huko. Liko chumbani kwetu.

Mzee Zefania, asante kwa miaka yote hii. Pumzika vizuri, uwe na afya, na kila asubuhi apatikane mtu wa kukuamkia. Hatuna mbegu ya kukupa uondoke nayo. Mimi na Kibet tunayo mavuno yako ya mwisho, nasi tutayatunza. Shikamoo.