Petronela Rymgajło, Aliyemzika Kaka Yake Angali Hai

Mama yetu, Petronela Rymgajło, alizaliwa tarehe 11 Novemba 1842 katika jumba la Poszyle, karibu na Kiejdany, katika nchi iliyotawaliwa na Warusi, mtoto wa pili wa Bwana Wincenty na Bi Rozalia. Ukoo ulikuwa na ngao yake, alama ya kiungwana, na kaburi lake chini ya kanisa. Mashamba yalikuwa yameanza kupungua.

Alisoma kwa masista mjini Kowno hadi mwaka 1859. Baadaye aliwafundisha watoto wa kijiji kusoma kwa siri, maana Warusi walikataza, ndani ya banda la mizinga ya nyuki. Afisa alipomuuliza anafanya nini humo, alijibu, "Nawafundisha kuhesabu nyuki, bwana. Karibu utusaidie." Afisa hakuingia.

Mwaka 1863 kaka yake, Kazimierz, alijiunga na waasi, kisha akatorokea Ufaransa. Ili Warusi, waliochukua mali za waasi, wasitunyang'anye jumba, Petronela alitangaza kwamba kaka amekufa kwa homa kitandani, akazika jeneza lililojaa mawe. Alilia mpaka padri naye akalia.

Aliolewa na marehemu baba yetu, Onufry Hryncewicz, tarehe 8 Februari 1866.

Mchana mmoja wa Oktoba 1879, mwanamume mwenye mvi alisimama mlangoni. Mkuu wa polisi alikuwa mezani kwetu, akila asali. Nilikuwa na miaka kumi.

"Unamjua huyu?" mkuu aliuliza.

"Simjui," mama alisema. "Kama ni ombaomba, apewe mkate."

Mgeni akavua kofia. "Samahani, bibi. Nimekosea nyumba."

Aliondoka bila mkate. Tangu hapo mama alisikia mtu akitembea ukumbini, hata mchana, wakati sote tumeketi.

Kifua kilimwanza Desemba iliyopita. Wiki ya mwisho alinishika mkono.

"Halina, yule alikuwa mjomba wako."

"Najua, mama. Alikuwa na pua yako."

"Mbona hukusema?"

"Mbona wewe hukusema?"

Akageukia ukutani. Alifariki tarehe 3 Machi 1907, saa nne asubuhi.

Ameacha binti, mimi Halina, mwana, Zygmunt, aliyeko Riga, wajukuu watano, na kaka, Kazimierz, ambaye hatujui kama yu hai. Mjomba, ikiwa umesimama kati yetu leo, sogea mbele utie udongo wa kwanza kaburini. Tunakujua.

Mungu ampe mama usingizi alioukosa.