Pampu Iliyopimwa Gari Limesimama

Ndani ya basi la asubuhi, dereva wa gari la wagonjwa alimwona fundi wake, akakaa kando yake bila salamu. "Jana gari lilikata pumzi mlimani, mama mjamzito niliyembeba akajifungulia barabarani. Mtoto bado yuko kwenye mashine. Wewe ulisema pampu ya petroli ni nzima!"

"Niliipima, kaka. Presha ilikuwa sawa."

"Ukiwa wapi?"

"Gereji. Limesimama."

Abiria wa nyuma akaacha kujifanya amelala.

"Limesimama!" Dereva alimgeukia. "Likipanda na mzigo linataka petroli nyingi. Pampu haifikishi, injini inabaki kumeza hewa!"

"Lilete leo, nilipime likipanda."

"Na yule mama nimwambie nini?"

Basi likasimama. Dereva akashuka.