Mlinzi wa Vishikwambi Anakabidhi Funguo

Ifikapo tarehe thelathini Novemba, mwalimu wetu wa Jiografia atastaafu baada ya kuitumikia shule hii kwa miaka thelathini na mitatu. Wanafunzi humwita Mwalimu Droo. Jina hilo hakupewa kwa upendo, lakini alilitolea jasho.

Chimbuko lake ni droo ya chini ya meza yake, ambamo kila simu iliyokamatwa darasani ilikaa hadi mzazi aje kuichukua. Kwa kuwa ni muungwana, aliona aibu kumrudishia mzazi simu iliyozimika. Hivyo kila Ijumaa alizichaji zote. Hatujapata kuona simu zilizotunzwa vizuri kuliko hizo zilizopigwa marufuku. Zilipoitana humo katikati ya kikao cha walimu darasani kwake, alitukazia macho sisi wenzake, kana kwamba ndio tuliozilea vibaya.

Shule ilipopewa vishikwambi vya kufundishia, mwalimu mkuu, kwa busara ambayo bado tunaitafakari, alimkabidhi yeye. Alivifungia kabatini ndani ya maboksi yake, vumbi lisiviguse. Wala mwanafunzi hakuvigusa. Kila tulipoviomba alijibu kwamba kitunze kikutunze. Ili asionekane mpinga maendeleo, alichora kishikwambi ubaoni kwa chaki, akaonyesha kinavyowashwa. Darasa zima lilifaulu kuwasha ubao.

Mwaka jana wakaguzi walitoa taarifa: wangekuja Jumatatu kuona vishikwambi vikitumika darasani, la sivyo wangevihamishia shule nyingine. Mwalimu Droo hakutikisika. Siku ilipofika, alifungua kabati kwa madaha mbele ya wakaguzi na Kidato cha Pili, akavigawa vishikwambi, navyo vikamkodolea vioo vyeusi. Hakuwahi kuvichaji hata mara moja, maana havikuwa na mzazi wa kuja kuvidai. Mwalimu mkuu alishikwa na kikohozi cha ghafla.

Yaliyofuata sharti tuyasimulie kwa haki. Alilitazama kabati, akaitazama droo, akameza mate pamoja na maneno yake ya miaka mingi. Kisha akaivuta droo.

"Kila mtu achukue yake," alisema. "Asiye nayo akae na jirani yake. Tunatoka nje."

Somo lilikuwa mawingu, ambayo siku zote aliyachora kwa chaki. Wanafunzi waliyapiga picha, wakayalinganisha na yale ya kitabuni, wakabishana hadi waliokuwa kwenye madarasa ya jirani wakaacha hesabu zao. Binti mmoja alimwonyesha picha yake, akamwambia kwa heshima zote, "Mwalimu, kumbe muhula mzima ulikuwa unatuchorea magodoro." Mkaguzi alicheka. Mwalimu Droo aliomba kuiona picha hiyo tena.

Wakaguzi waliridhika na somo hilo, na vishikwambi vilibaki. Tangu hapo huchajiwa kila Ijumaa na kuchafuliwa na vidole siku nyingine zote, na anayevilalamikia vumbi ni yeye peke yake. Funguo za kabati amemkabidhi binti yule yule wa magodoro, baada ya hotuba tuliyodhani haitaisha.

Mwalimu, tunakushukuru kwa ulezi wako, hata ule wa kabatini. Wenzako tumekuchangia simu mpya. Tunakufahamu, kwa hiyo boksi lake tumelitupa. Pumzika kwa afya na furaha, piga picha za mawingu ya huko kwako, na kila Ijumaa tukumbuke.