Nyundo ya Alhamisi

Ndani ya basi, mama mmoja alimgeukia seremala aliyepakata nyundo. "Fundi, viti vya kikundi chetu cha kuacha pombe havijapona tu? Kila Alhamisi uko navyo."

"Mbao mbovu, dada."

"Na mbona mtu akianza kusimulia, nyundo inanyamaza?"

"Ni adabu tu."

Kweli, fundi mwenye adabu kama huyu hajawahi kutokea.

"Si ukae nasi, kaka yangu? Mimi siku ya kwanza nilikuja eti kufagia, na ufagio wenyewe sikuushika."

"Mimi si mlevi. Nina kazi pale."

Basi likasimama mbele ya ukumbi wao. Seremala akashuka harakaharaka, nyundo ikabaki kitini. Mama aliiona. Badala ya kumwita, akaitumbukiza kikapuni, akaifunika vizuri, ndipo akamfuata.