Prisca Alikuwa Mke wa Meshack

Karatasi mliyogawiwa getini inasema marehemu Prisca hakujaliwa kuolewa. Si kweli, na kaka yake Rodrick, aliyeiandika, anajua si kweli. Prisca aliishi na mume wake Meshack, mkulima wa juu ya Maji ya Chai, miaka kumi na minane na miezi sita. Karatasi inamtaja binti yao Brenda kana kwamba aliokotwa sokoni. Juzi Meshack aliambiwa kaburi alilomchimbia mkewe migombani halitatumika, kwa sababu dada wa Rodrick atalala hapa Moshono, kwa baba yake. Alilifukia mwenyewe. Ndiyo maana mchungaji ameruhusu na wasifu huu usomwe. Anayeusoma ni Tabea, rafiki wa marehemu kwa miaka thelathini.

Prisca alizaliwa Ngarenaro tarehe 9 Aprili 1977, mtoto wa pili na wa mwisho. Alimaliza darasa la saba mwaka 1991, akajifunza ushonaji, na mwaka 1994 akapanga kibaraza cha kuweka cherehani yake. Hapo ndipo alipokutana na Tabea, aliyekuwa akiuza ndizi mbele ya kibaraza hicho. Tabea hakusoma shule. Herufi alifundishwa na Prisca, kwenye daftari la vipimo vya wateja: kifua, kiuno, urefu.

Meshack aliingia kibarazani Machi 2004 na suruali moja, akitaka ifupishwe. Wiki iliyofuata akairudisha, akasema bado ndefu. Wiki ya tatu akairudisha tena.

"Kaka, nikikata tena hii inakuwa kaptura," Prisca alimwambia.

"Basi nishonee nyingine," akajibu, akakaa kwenye benchi mpaka jioni.

Hawakufanana kwa lolote. Prisca alikuwa mrefu, Meshack alimfika begani. Prisca aliongea tangu anaamka, Meshack maneno yake ya wiki nzima yangeenea kwenye kiganja. Mwanamke huyu wa mjini alipanda mlimani na viatu vya kisigino, akawapa kuku majina, na Krismasi ya kwanza akakata mimea yote ya masale upande wa mashariki akapambia baraza. Hakujua kuwa masale yale ndiyo mpaka. Mzee wa shamba la pili alifika na panga mkononi.

"Mama, umenifutia mpaka wa babu yangu."

"Shikamoo mzee. Mimi nilidhani maua."

Meshack alicheka mpaka akakaa chini. Kisha alichukua kamba, akapanda masale upya siku nzima, mzee akimsimamia na kumsogeza nusu hatua, nusu hatua, kila mara kuelekea shambani kwa Meshack. Jioni alimwambia mkewe, "Shamba limepungua, ila baraza limependeza."

Mnaouliza kwa nini hawakufunga ndoa kanisani, jibu ni hili. Juni 2005 Meshack alituma washenga kwa Rodrick, aliyeshika nafasi ya baba yao, pamoja na ndoo ya asali kama ilivyo desturi ya Wameru. Waliachwa getini. Januari 2006 walirudi, naye akatoka kuwaambia, "Dada yangu haendi kunusa samadi." Hakusema ndiyo, wala hakuipokea asali. Agosti Prisca alimfuata Meshack, lakini kila mchungaji alipotaka kuwabariki, Prisca alikataa.

"Sitoki kwetu kwa kuruka uzio," alisema. "Kaka atanitoa. Hasira zake nazijua, zinaisha."

Mwaka 2008 alishona gauni la harusi. Mwaka uliofuata akamzaa Brenda, akalipanua gauni. Baadaye akalipanua tena. Kila Pasaka alimtumia kaka yake salamu na mkungu wa ndizi. Ndizi zilipokelewa.

Mei 2023 Prisca aligundulika kuwa na saratani ya titi. Kila alipolazwa hospitali mjini, Meshack alishuka mlimani kila alfajiri na chupa ya mtori wa ndizi aliopika mwenyewe.

"Baba Brenda, hii ni mtori au umekamua mgomba?"

"Kunywa, Mama Brenda."

Alikunywa wote. Chupa ikiondoka tupu, Meshack alijua siku imekuwa nzuri. Kuanzia Krismasi ya 2024 ilianza kurudi imejaa.

Mwezi Januari Prisca alimwita Tabea kitandani, akamtuma kwa Rodrick. "Mwambie harusi nimesamehe. Anilaze tu kwa mume wangu." Tabea alifika, akasema neno kwa neno. Rodrick alimjibu, "Wewe hata darasa la kwanza hukufika, unaniletea wosia wa nani?" Akafunga geti.

Prisca alifariki tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, Meshack akiwa amemshika miguu kwa sababu alilalamika baridi. Tabea na Brenda ndio waliomvisha. Lile gauni sasa lilikuwa kubwa, ikabidi walibane kwa pini nyuma. Amelala nalo humu jenezani.

Ameacha mume, Meshack, binti, Brenda, mama mkwe, Bibi Susana, aliyemwita mwanangu wa mjini, kaka, Rodrick, na rafiki mmoja asiyejua kesho atamwambia nani habari zake. Bwana ampe pumziko ambalo sisi watu tulimnyima.

Lipo deni, na mdaiwa ni Rodrick. Washenga wa 2005 hawajapokelewa hadi leo. Sasa hivi mashada yataanza kuwekwa, na kwenye karatasi yake nafasi ya mume haipo. Meshack amesimama kule nyuma ya turubai, na majirani. Rodrick, kipaza sauti kinarudi kwako. Mwite shemeji yako, aje aweke shada la kwanza.