Karimi na Shamba la Thenge

Jerusha Karimi Rwamba alizaliwa mwaka wa 1943 huko Kiirua, Meru, mtoto wa pili wa marehemu Muturi na marehemu Kathambi. Tangu utoto alikuwa mtu wa woga, na hakuna haja ya kulificha hilo leo. Njia ya shuleni ilikata mto, na juu ya mto palikuwa na gogo moja tu. Karimi ndiye aliyekuwa mkubwa, lakini kila asubuhi alimsukuma mbele mdogo wake Mukiri, huyu anayewasomea, akamwambia, "Tangulia." Mukiri akifika ng'ambo mzima, naye anafuata.

Alisoma katika shule ya misheni hadi darasa la nne. Hali ya Hatari ikaingia, watu wakahamishiwa vijiji vya pamoja, na masomo yakaishia hapo. Kusoma Biblia alijua, na kurudisha chenji alijua.

Tarehe 17 Desemba 1966 alifunga ndoa kanisani Manyatta, Embu, na Rwamba, fundi wa mawe aliyekuwa amekuja Kiirua kujenga duka. Mungu aliwajalia watoto watatu: Gitari, Purity na Lennox.

Kwa miaka mingi Karimi aliuza viazi katika soko la Embu. Mukiri alimletea magunia kutoka Kiirua, na ukweli ni kwamba dada yake hakuwa mfanyabiashara. Mteja akikunja uso tu, yeye anapunguza bei. "Anaweza kukasirika," alikuwa akisema. Mukiri alimwuliza, "Akikasirika atakula nini, hasira?" Haikusaidia.

Mwaka wa 1990 Rwamba alinunua shamba hili tuliposimama, huku chini upande wa Kiritiri, kwa sababu kipande cha kahawa cha Manyatta kilikuwa kidogo na ndugu ni wengi. Mukiri alipoambiwa bei aliuliza, "Shemeji, mbona iko chini hivi?"

"Mwenyewe ana haraka."

"Haraka ya kwenda wapi?"

"Mukiri, wewe hata ukipewa maji ya kunywa utauliza kwanza kama mtungi una ufa."

Walikuwa wameshalipa walipojua sababu. Ndugu wawili waliogombania shamba hili waliwahi kuapishwa kwa thenge, kiapo cha beberu. Beberu alipigwa mawe mpaka akafa, na wazee wakatamka kwamba mwenye kusema uongo, pamoja na wote watakaokula mazao ya udongo huu, wafe kama yeye. Mmoja wa hao ndugu ndiye aliyeuza, akahama.

Rwamba alifariki tarehe 9 Mei 1992, akazikwa kwao Manyatta. Hospitali iliandika malaria. Mtu wa baridi ya mlimani akishuka huku akalala bila chandarua, malaria haihitaji msaada wa beberu. Lakini matanga hayakuisha kabla neno thenge halijazunguka kila kikombe cha chai.

Hapo ndipo Karimi alipovunjika. Alifunga nyumba ya huku, akarudi Manyatta na watoto. Mahindi yaliyokuwa ghalani aliyaacha kwa panya. Moyo ulimdunda akiwa ameketi tu, akawa hawezi hata kushika sufuria, usingizi ukapotea. Alipimwa, hakuonekana na ugonjwa, akapewa vidonge vya usingizi. Alichoka, na waliomtunza walichoka.

Shemeji yake Njuki, mdogo wa marehemu Rwamba, alikuja na wazee wakataka tambiko: mbuzi, pombe ya asali, na watoto wote waletwe. Karimi alikataa. Wengine walidhani ni ushujaa. Haukuwa. "Shemeji," alimwambia, "nikimwogopa mbuzi wa zamani nikamnunua mwingine wa kunituliza, mwaka ujao nitaogopa kuku. Sitamaliza."

Aliwaendea wanawake wenzake wa kanisani awaombe wamwombee. Kiongozi wao, mama Beth, alisema wataenda kuombea shambani kwenyewe.

"Nendeni, mimi nitafunga na kuomba nikiwa hapa nyumbani."

"Kwani sala ni gunia la viazi, tulipakie kwa gari likashushwe huko? Chukua jembe."

Ilikuwa Oktoba 1993, mvua za vuli zikikaribia. Wanawake walishuka na majembe na ndengu za kupanda. Walipofika pale langoni mlipopitia asubuhi hii, Karimi alisimama, jasho likimtoka, na wenzake wakamngoja bila kumshika mkono. Mama Beth alimsikia akisema maneno manne: "Bwana, mimi naogopa. Tangulia." Kisha akaingia.

Walilima, wakaomba, wakapanda. Mwezi wa Januari waliporudi kuvuna, Karimi alipika chungu cha kwanza cha ndengu. Wanawake wakaanza kutazamana, kila mmoja akisubiri mwenzake. Karimi alijipakulia wa kwanza, akala. Mama Beth akafuata, akatafuna taratibu. "Laana sijaisikia," alisema, "lakini chumvi mmesahau."

Tangu siku hiyo Karimi aliishi hapa. Tusidanganyane kwamba hofu ilikwisha. Ilirudi mara nyingi, naye alirudia maneno yale yale akaendelea na kazi. Mwaka wa 1995 Lennox aliugua malaria hadi akalazwa. Njuki alifika wodini akasema, "Sasa umeona?" Karimi akajibu, "Nimeona mbu, shemeji." Lennox alipopona, mama yake alinunua vyandarua kabla ya kununua mbegu. Na sokoni bei ya ndengu zake haikushuka kwa sura ya mtu yeyote. Mukiri alijaribu kupunguziwa kama ndugu, akarudi Kiirua mikono mitupu.

Katikati ya mwaka jana aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Alitibiwa Embu, kisha Nairobi, hadi madaktari wakasema arudi nyumbani. Maneno ya thenge yakaanza upya. Kufa hakukumsumbua sana, alisema amechoka. Kilichomkosesha amani ni kwamba akifa, watoto watashawishika kulikimbia shamba. Ukoo ulitaka alale Manyatta kando ya mumewe, kama ilivyo desturi. Alikataa. "Mkinipeleka juu," alisema, "mtakuwa mmewaambia watoto wangu kwamba mwishowe nilikimbia. Nizikeni pale tulipopanda ndengu." Njuki alipinga, Gitari akasimama na neno la mama yake, na mabishano yakawa marefu.

Karimi alifariki Jumatano, tarehe 11 Februari 1998, alfajiri, katika nyumba hii. Purity alikuwa naye. Anasema mama yake aliyatamka maneno yake bila ile sehemu ya kuogopa. Alisema tu, "Bwana, tangulia."

Leo, Alhamisi tarehe 19, kaburi liko pale alipotaka. Njuki amekuja. Alisimama langoni kidogo, kisha akaingia. Hatutamwuliza aliomba nini.

Karimi ameacha watoto wake Gitari, Purity na Lennox. Mkaza mwana Kiende. Wajukuu wawili, Muchangi na Karimi mdogo. Mdogo wake Mukiri. Na shemeji yake Njuki. Familia inawashukuru wanawake wa kanisa, waliokuja tena na majembe.

Baada ya mazishi kuna chakula. Ni ndengu na mahindi ya shamba hili, na chumvi imetiwa. Aliyebeba mkate mfukoni kwa kuogopa, hatumlaumu. Hata mwenye shamba alianza hivyo. Lakini watoto wake wanatazama nani atakula.

Karimi, safari hii hukumsukuma mdogo wako mbele. Umetangulia wewe. Lala salama ndani ya shamba lako.